Nilivyozamia Duara la Maige

Nkwabi tulimzika Kishapu, wakati wa kiangazi, ardhi ya kule ikiwa ngumu hata wachimba kaburi wakawa wanapokezana sururu kama watu wanaopasua mwamba. Baada ya mazishi tuliketi kwenye mabenchi ya kukodi, sahani za wali mapajani, na kijana mmoja wa ukoo wake akaja kukaa kushoto kwangu akasema jambo ambalo sikulisikia. Nikageuza kichwa nimpe sikio la kulia, lile linalofanya kazi.

"Shikamoo babu Deusi," akarudia.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Ni kweli wewe ndiye uliyekuwa unapumua chini ya maji kwa mpira? Babu Nkwabi alituambia ulikaa humo mpaka watu wakaenda kula mchana, wakarudi wakakukuta bado."

Waliokuwa karibu wakacheka, maana Nkwabi alijulikana kwa kuongeza chumvi. Nikamwambia si kweli, hakuna binadamu anayeweza, na mpira ule nusura uniue. Akanitazama kama mtoto aliyenyang'anywa kipande cha muwa. Chakula kikanishinda. Niliinuka nikaanza kuzunguka ua, kutoka zizini mpaka kwenye turubai na kurudi tena zizini, mpaka mjane akatuma mtu aniulize kama naumwa. Sikuwa naumwa. Ni mwaka ule tu. Kila ukitajwa miguu yangu inakataa kutulia. Na kwa kuwa Nkwabi alikuwa mtu wa mwisho aliyeweza kunisahihisha, naona afadhali niusimulie mwenyewe jinsi ulivyokuwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, miaka ambayo sabuni ilipatikana kwa kujuana na sukari ikanunuliwa kwa kunong'onezana. Mimi ni Mzinza wa kando ya ziwa, na nilifika kwenye kambi ile ya wachimbaji, nyuma ya vilima vya Geita, nikiwa na magunia ya dagaa juu ya lori. Nilikusudia kuuza na kuondoka. Dagaa waliisha upesi, lakini sikuondoka. Kambi ilikuwa na watu wa kila namna, wengi Wasukuma wa Shinyanga na Kishapu walioacha pamba na ng'ombe, na kila mtu alitembea kama aliyechelewa mahali. Hata waliokaa walikuwa wakitikisa goti. Nilikuwa na umri wa kama miaka ishirini na hali ile ilinipendeza. Niliona ndivyo maisha yanavyopaswa kuwa.

Nilipanga kwa Mama Kulwa, mama wa mapacha, mwanamke mpana wa mabega aliyekuwa na kibanda cha chakula. Nyuma ya jiko lake kulikuwa na vyumba vya miti na udongo, na kati ya chumba changu na sehemu ya kulia kulikuwa na mabati ya madebe yaliyofunguliwa na kupigiliwa misumari, kwa hiyo nilisikia kila neno lililosemwa mezani. Nilijua nani amekosana na nani, nani ameona jiwe linalong'aa, nani anamdanganya mwenye duara. Duara ndilo jina la shimo la dhahabu, ingawa mengi yalikuwa na pembe nne. Chumba hicho nilikaa na Luhende, mdogo wake Mama Kulwa. Tulikuwa na kitanda cha kamba kila mmoja, na kati yetu msumari mmoja ukutani ambapo Luhende alitundika shati lake jeupe, la kwenda nalo kanisani na kwa wasichana. Alikoroma vibaya. Asubuhi alikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyochemshwa na karanga, akinitania kwamba sisi watu wa ziwa tunanuka dagaa mpaka kwenye ndoto, kisha anashuka kwenye duara la Mzee Maige.

Maige alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kofia ya pama na redio ndogo iliyofungwa mpira wa baiskeli. Nisimseme kwa ubaya zaidi ya alivyokuwa. Aliwalisha watu wake vizuri, na mtu akiugua alimpa lifti mpaka zahanati. Lakini duara lake lilikuwa limemla kila alichokuwa nacho, hata ng'ombe wa urithi, na alikuwa akilitazama kama mtu anayesubiri jibu.

Siku yenyewe tulikuwa tunakula. Mama Kulwa alikuwa amepika ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na alikuwa ananiwekea sahani mbele yangu tuliposikia kishindo ambacho sijui nikifananishe na nini. Hakikuwa kikubwa, ila kilitoka chini ya miguu. Kisha watu wakaanza kutoka kwenye duara la Maige wakipanda ngazi za miti wakiwa wamelowa, macho yamewatoka. Walikuwa wamechimba njia ya pembeni, wakifuata mkanda wa dhahabu, wakatoboa kwenye mashimo ya mgodi wa zamani wa Wazungu, uliofungwa miaka mingi na kujaa maji. Maji yale yalikuwa yamesimama juu, yamebana ukuta wa udongo kwa uzito wake wote, na sururu moja ikayafungulia mlango. Nkwabi, mchimbaji mwenzake Luhende, aliyekuwa wa mwisho kutoka, alisema ukuta haukuvunjika, ulitapika. Maji yalipanda ndani ya duara kwa kasi ya mtu anayekimbia, halafu, wakati kila mtu akisubiri yafike juu na kumwagika, yakasimama. Chini ya ukingo, kina cha kisima kirefu, yakatulia kama yalikuwa hapo siku zote.

Luhende hakutoka.

Kwanza tulichota kwa ndoo. Kambi nzima ilipanga foleni, ndoo zinapanda kwa winchi ya miti na kumwagwa bondeni, na kwenye moja ya matimba, yale magogo yanayozuia kuta, Nkwabi alichora alama kwa panga usawa wa maji. Tulichota mpaka mikono ikatoka malengelenge. Alama haikutoka majini hata kidogo. Mzee Maige akakodi mashine ya kuvuta maji kutoka kwa mtu wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe, tukaiweka ukingoni na kushusha mpira wake. Ikanguruma, ikatetemesha ardhi, lakini haikutoa hata tone. Maji yalikuwa mbali mno chini yake, na mashine iliyo juu ina mwisho wa kuvuta. Maige akataka ishushwe ndani ya duara. Nkwabi akakataa kwa sauti, "Moshi wake utatumaliza wote humo, mzee. Utazika kumi badala ya mmoja." Na ni Mama Kulwa aliyetuambia kwa nini ndoo zetu hazikufaa. Alikuwa na kawaida ya kufua kwenye shimo la zamani upande wa pili wa kilima. Alirudi kutoka huko na beseni tupu, akasimama mbele yetu.

"Maji ya kule yameteremka siku ile ile," alisema. "Jiwe nililokuwa nasimama kufua liko juu kabisa, limekauka. Ni maji hayo hayo. Mnachota mgodi mzima wa Wazungu kwa ndoo."

Hapo ndipo macho yakanigeukia mimi. Katika watu wote wale, wafugaji na wakulima wa nchi kavu, nilikuwa mtu pekee aliyezaliwa majini.

Nilikuwa nimezamia ziwani tangu utotoni, kutoa nyavu zilizonasa kwenye mawe. Nilijua maji yanavyobana masikio ukishuka, na jinsi ya kuziba pua na kupuliza mpaka yazibuke. Lakini ziwa lina mwanga, na ukitazama juu unaona tumbo la mtumbwi. Duara halina kitu. Walinishusha kwa kamba kiunoni mpaka kwenye matimba yaliyokuwa juu kidogo ya maji, ambako Nkwabi alikuwa amejibanza kuishika kamba ile, na nikaingia kwenye maji ya baridi ya rangi ya chai. Nilibeba jiwe lizamishe mwili wangu upesi. Giza lilinifunika mara moja. Nikapuliza masikio, nikashuka, nikapuliza tena, nikahisi uzito ukikusanyika kifuani na tumbo likiingia ndani kuelekea mgongo. Nilifika kwenye mdomo wa njia ya pembeni, nikashika gogo lililoanguka, na pumzi ikawa imekwisha. Nilipanda nikiwa naona nyota nyekundu.

"Umemwona?" Nkwabi aliuliza.

"Nimeshika mti tu. Nikipata muda kidogo zaidi nitaingia."

Maige alisikia neno hilo kutoka juu. Asubuhi iliyofuata alikuja na mpira wa kumwagilia maua, alioupata sijui kwenye nyumba gani ya mkubwa wa serikali, na akasema dawa ni hiyo: ncha moja mdomoni mwangu, ncha nyingine Nkwabi aishike juu ya maji, nami nikae chini kadiri ninavyotaka. Ilionekana ni akili kubwa. Hata mimi niliamini. Tulifunga pua yangu kwa kitambaa, nikauma mpira, nikazamisha kichwa, na kweli, nikiwa nimezama mpaka juu ya utosi nilivuta hewa yenye ladha ya plastiki, nikaipumua. Nikasikia watu wakishangilia juu. Nikajiachia nishuke.

Kilichofuata nimejaribu kuwaeleza watu mara nyingi. Nilishuka kiasi cha urefu wa mtu mmoja tu na nusu. Mpira haukuwa umeziba wala kukunjika. Lakini nilipotaka kuvuta, kifua kilikataa kufunguka. Ilikuwa kama ng'ombe amenilalia mbavuni na ninaambiwa nimwinue kwa kupumua. Nilivuta kwa nguvu zangu zote nikapata hewa ya kujaza kijiko, na mara ya pili sikupata hata hiyo. Badala yake nilihisi hewa iliyokuwemo ndani yangu ikisukumwa kutoka, ikipanda kwenye mpira kwenda kwa Nkwabi, kana kwamba maji yananikamua. Nikautema, nikapanda, nikakohoa damu kidogo. Maige alikuwa anapiga kelele, "Vuta kwa nguvu! Mpira ni mzima, nimeupima mwenyewe!" Miaka mingi baadaye binti yangu, akiwa sekondari, alinichorea jambo lile kwenye karatasi: maji yananibana pande zote kwa uzito wake, lakini hewa iliyomo ndani ya mpira ni ileile nyepesi ya juu, haina nguvu ya kukisukuma kifua changu kielekee nje. Alichora mishale midogo midogo inayoelekea kwenye mbavu za mtu. Nilimwomba aichane ile picha. Alidhani nimekasirika.

Mchana ule nililala chumbani, kifua kinauma, natazama shati jeupe la Luhende. Sikuweza kulala wala kukaa. Ndipo nikasikia kwa upande wa pili wa mabati sauti ya Maige akizungumza na dereva wake mbele ya sahani ya chakula.

"Mifuko ya mawe ya dhahabu iko hapo hapo mdomoni mwa njia," alikuwa anasema. "Walikuwa wameshaipanga waipandishe. Mzinza akirudi chini aanze na mifuko. Maiti haiendi popote."

"Na Mama Kulwa je?"

"Mama Kulwa atasubiri. Nani hasubiri?"

Niliposikia sufuria ikiwekwa chini kwa kishindo nilijua sikuwa peke yangu niliyesikia. Mama Kulwa aliondoka jikoni. Alikuja chumbani kwangu na bakuli la uji wa ulezi, akaketi kwenye kitanda cha mdogo wake, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu siku ile.

"Deusi, mwanangu. Nikuulize, na unijibu kama mama yako. Unaweza kumfikia bila ule mpira?"

"Naweza kumfikia, mama. Sijui kama naweza kumfunga kamba na kurudi kwa pumzi moja."

"Basi usiende."

"Nitakwenda."

"Nimekwambia usiende. Sitaki maiti mbili."

Lakini alikuwa analia alipolisema, na alikuwa amelishika shati lile kwenye msumari bila kulitoa. Mpaka leo sijui ni nini hasa kilichonisukuma. Haikuwa ushujaa. Nadhani nilishindwa tu kufikiria kulala tena katika chumba kile, na kitanda kile kikiwa kitupu na yeye akiwa chini ya miguu yetu.

Tulishuka mimi na Nkwabi kesho yake asubuhi. Tulipatana: nikivuta kamba yangu mara moja, anipandishe. Kamba ya pili niliishika mkononi. Nilizama na jiwe, nikapuliza masikio, nikafika kwenye gogo, nikapenya chini yake. Luhende alikuwa hapo, amelala kifudifudi, mguu umebanwa na mti. Nilimtambua kwa mkanda wake wa ngozi. Nikafunga kamba chini ya makwapa yake, fundo la nyavu, vidole vikifanya vyenyewe, nikausukuma ule mti kwa miguu mpaka ukasogea. Sijui nilikaa kiasi gani. Katika kusukuma niliteleza nikashuka zaidi, na sikuwa nimepuliza. Sikio la kushoto likapasuka.

Maumivu yalikuwa kama msumari wa moto, yakadumu kitambo kidogo sana, halafu baridi ikaingia kichwani na dunia ikaanza kuzunguka. Sitanii ninaposema sikujua juu ni wapi. Maji yalinizungusha, au niliamini yananizungusha, na nikaanza kupiga miguu kwa nguvu kuelekea ninakodhani ni juu, nikigonga udongo laini kwa mikono, nikiuchimba, nikishangaa kwa nini uso wa maji una matope. Sikukumbuka kamba. Sikukumbuka kuvuta.

Yaliyotokea juu nilisimuliwa. Nkwabi aliona kamba inaendelea kushuka wakati ilipaswa kulegea. Akaishika. Maige, aliyekuwa ukingoni, akapaza sauti, "Muache! Hajatoa ishara. Labda ameifikia mifuko."

"Mtu anayerudi hashuki," Nkwabi akasema, na akavuta. Alivuta akiwa amesimama kwenye gogo jembamba, bila mtu wa kumshika, na aliponitoa nilikuwa nimeng'ang'ania udongo mkononi. Nilitapika maji juu ya miguu yake. Damu ilikuwa inatoka sikioni, na kila nilipofumbua macho kuta za duara zilikuwa zinakimbia. Kisha tukavuta kamba ya pili pamoja, kwa sauti moja, na Luhende akapanda.

Walimvalisha shati jeupe. Alizikwa upande jua linakozama, karibu na njia ya kwenda kwenye lori, na katekista aliyetoka Ushirombo kutafuta bahati yake alisoma sala kwa Kiswahili, kisha akairudia kwa Kisumbwa kwa sababu alikuwa amechanganyikiwa na huzuni. Mimi niliketi chini wakati wote. Nikisimama nilianguka upande mmoja kama mlevi, na hali hiyo ilinichukua majuma mengi. Mama Kulwa alikuja baadaye akaniinamia upande wa sikio zima.

"Wabeja," alisema. Asante.

Maige hakuwepo kwenye chakula cha matanga. Alikuwa amepanda lori kwenda ziwani. Dereva wake alisema wazi kwamba ameenda kutafuta mzamiaji mwingine, na kwamba safari hii mpira utakuwa mpana zaidi, maana tatizo, alivyoelewa mwenye duara, lilikuwa wembamba wa mpira. Nilipolisikia nilijaribu kuinuka nikagonga nguzo. Nikamwambia Nkwabi, "Upana hausaidii kitu. Huyo mzamiaji atafia humo." Nkwabi akaenda jikoni kumwambia Mama Kulwa.

Sikuona mwanzo wake. Nilisikia tu beseni zikigongana. Nilipotambaa mpaka mlangoni, Mama Kulwa alikuwa anapita na karai la kifusi kichwani, nyuma yake mama lishe wenzake, wanawake wa kuchambua mawe, wa kuuza vitumbua, kila mmoja na chombo chake. Kifusi kilichotolewa kwenye duara lile kilikuwa kimelundikana kando yake kama kilima kidogo. Walikuwa wanakirudisha. Mwanzoni wanaume walisimama wakitazama, maana hakuna mchimbaji anayependa kuona duara likizibwa. Ni kama kuona mtu anachoma shamba. Wafanyakazi wa Maige wakawasogelea.

"Mayu, hili lina mwenyewe," mmoja wao alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma, kwa heshima.

"Najua. Nami nilikuwa na ndugu." Akamwaga karai lake. "Nenda kamwambie."

Nkwabi alichukua koleo. Baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja, na hao wafanyakazi wenyewe mwishowe wakakata matimba ya juu na kuyasukumia ndani. Mimi nilikaa ukingoni na kusukuma udongo kwa miguu, kwa sababu ndicho nilichoweza. Kwa muda mrefu ilionekana hatufanyi kitu. Kila tulichotupa kilizama, na maji hayakupanda. Yalisogea tu kupisha, yakaenda zake upande wa pili wa kilima. Wengine walikata tamaa wakakaa. Mama Kulwa hakukaa. Kesho yake, jua likiwa utosini, udongo ukatokeza juu ya maji, mweusi na unaong'aa, na kutoka hapo kazi ikawa nyepesi.

Maige alirudi tukiwa tunakanyaga kanyaga juu yake. Alishuka kwenye lori akasimama. Nilitegemea matusi, labda panga. Alivua kofia yake ya pama, akaitazama ile ardhi iliyosawazishwa, kisha akaketi juu ya tairi kuukuu na kukaa hivyo mpaka kivuli chake kikahama. Aliondoka kambini kabla ya masika. Sikumwona tena, na nasikia alirudi kulima.

Nyuma yake alikuwa ameshuka mwanaume mwembamba wa visiwani, mkubwa kwangu kidogo, amebeba begani mpira mpana mweusi uliozungushwa kama nyoka. Alitutazama sisi sote, wenye udongo mpaka kwenye kope, asijue amsalimie nani. Mama Kulwa alijifuta mikono kwa kanga akamwendea.

"Karibu baba. Una watoto?"

"Mmoja mama. Na mwingine yuko njiani."

"Njoo ule."

Alimpakulia ugali na nsansa, akammiminia maji ya kunawa. Yule bwana aliuegemeza mpira kwenye ukuta wa mabati, akanawa, akala tonge la kwanza, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa karibu na moto.

"Ndugu yangu," akasema, "walisema kuna kazi ya kuzamia. Iko wapi?"

"Umeikanyaga sasa hivi," nikamwambia, "ulipokuwa unakuja kula."